Nukta Nyekundu

Kazi yangu ya pili, ile inayolipa kodi ya nyumba miezi ambayo uandishi haujalipa, ni kuwa mikono ya mtu aliye Nairobi. Yeye ana macho. Mbele yake kuna skrini yenye orodha ya matawi, kila tawi na nukta yake: kijani likiwa hewani, nyekundu likiwa limepotea. Mimi nina bisibisi, utepe wa rangi nne na namba ya kijana wa nduthi anayenijua. Nukta ya Runyenjes ikigeuka nyekundu, simu yangu hulia, wakati mwingine kabla hata sijajua kwamba stima imeenda.

Tawi ni la Sacco ambayo sitaitaja. Liko ghorofa ya kwanza, juu ya duka la mbolea na dawa za mifugo, si mbali na barabara ya Embu kwenda Meru. Lina kompyuta nne, printa mbili, kamera tatu, na kabati la chuma lenye ruta na swichi. Kabati liko jikoni. Ndiyo, jikoni, karibu na sufuria ya chai ya saa nne, kwa sababu jikoni ndicho chumba pekee chenye kufuli kisichoingiwa na wateja. Kwenye mchoro ambao makao makuu walinitumia, chumba hicho kimeandikwa kwa Kiingereza jina kubwa la kuogopesha, kana kwamba kina viyoyozi na mlango wa alama za vidole. Kina mvuke wa chai na mende wawili watatu.

Sikusomea kazi hii. Niliondoka chuo kikuu mwaka wa pili, karo ikiwa imekwama na nyumbani kukiwa na mambo mengine ya kulipia, na hata huko nilikuwa nasoma fasihi. Kompyuta nilizijulia saiba, nikiwajazia watu fomu za eCitizen na kuwasaidia kurudisha pasiwadi za KRA walizosahau kila Juni. Mtu wa saiba hujifunza haraka: printa ikigoma na foleni ni ya watu kumi, hakuna wa kumpigia. Meneja wa tawi, ambaye sote tunamwita Madam, alikuwa mteja wangu. Siku moja aliniuliza kama naweza kupanda ngazi niangalie "ile mashini ya jikoni inayowaka taa ya machungwa." Hiyo ni miaka mitatu sasa. Sina mkataba. Nalipwa kwa kila safari, na makao makuu hunihesabu chini ya matengenezo madogo, pamoja na balbu.

Mtu akisikia "kompyuta za ofisi ya mbali" hufikiria teknolojia. Nusu ya kazi ni lugha. Injinia wa Nairobi husema linki iko chini. Keshia husema mashini imelala. Soja wa mlangoni husema network imeenda na haijasema inarudi lini. Kitabu chetu cha shule ya msingi kilisema tarakilishi, neno ambalo sijawahi kulisikia likitoka kwa mtu aliyekuwa na tarakilishi iliyoharibika. Wote hawa wanaweza kuwa wanaongelea kitu kimoja au vitu vinne tofauti, na nukta nyekundu haitofautishi. Stima ikipotea, nukta ni nyekundu. Bando ikiisha, nyekundu. Mnara wa simu ukizima, nyekundu. Mama wa usafi akichomoa waya ili achomeke birika, nyekundu ile ile. Anayeiangalia Nairobi huona rangi, na kazi yangu ni kumwandikia hadithi iliyo nyuma ya rangi hiyo, tena fupi, kwa sababu ana matawi mengine.

Kwa hiyo kitu cha kwanza nilichofanya hakikuhusu programu yoyote. Nilibandika utepe. Waya wa stima wa ruta ni mwekundu, wa swichi ni wa manjano, ule unaokwenda kwa kaunta ni kijani, wa kamera ni bluu. Nikapiga picha, nikachapisha, nikaibandika ndani ya mlango wa kabati. Sasa nikiwa Ugweri au Embu mjini, naweza kumwambia keshia kwenye simu, "Dada, chomoa ule mwekundu, hesabu hadi ishirini, rudisha." Hapo tumeokoa nauli, na wazee walioketi kwenye benchi wameokoa saa moja. Siku zingine dada huyo hunipigia akiwa tayari amechomoa na kurudisha, akiniarifu tu.

Kitu cha pili kilichukua muda zaidi kukielewa. Karibu kila mwezi kulikuwa na asubuhi moja ambayo tawi lilikuwa kijani, nukta safi kabisa, na bado hakuna kilichosonga. Keshia akibonyeza, anasubiri mpaka mteja anaanza kusimulia habari za ng'ombe wake. Nilipoangalia ruta nikakuta kompyuta zote nne zinapakua masasisho ya Windows kwa wakati mmoja, kitu kilekile mara nne, kupitia laini moja ya 4G. Ni kama nyumba yenye watoto wanne na kila mmoja anatumwa mtoni na mtungi wake, ilhali mmoja angeleta pipa na wengine wakachota. Windows 10 ina mpangilio wa namna hiyo: mashine moja ikishapakua, jirani zake huchukua kwake badala ya kurudi nje. Unahitaji tu mtu wa kuuwasha, na mtu wa kusema kwamba masasisho yasubiri mpaka saa mbili usiku wakati hakuna mteja. Injinia alikubali mara moja. Ofisini kwake njia ya intaneti ni pana kama barabara ya Thika, na huko shida hiyo haionekani.

Kuna orodha moja mashuhuri katika fani hii. L Peter Deutsch na wenzake wa kampuni ya Sun Microsystems, miaka ya 1990, waliandika mambo ambayo watengenezaji programu huyachukulia kuwa kweli ilhali si kweli. La kwanza: kwamba mtandao hautakatika. Mengine ni kwamba ujumbe hauchelewi, kwamba njia haijai, kwamba kuna msimamizi mmoja tu, kwamba kusafirisha hakuna gharama. Niliisoma kwenye simu nikiwa nimeketi ngazini, stima imeenda, nikacheka peke yangu. Mtu wa Runyenjes hahitaji kuandikiwa orodha hiyo. Programu ya Sacco yetu, hata hivyo, iliandikwa na mtu aliyeihitaji: ukiandika muamala na mtandao ukatike katikati, skrini huganda tu. Hujui kama pesa zimetoka au bado.

Nisionekane nawacheka watu wa makao makuu. Kuwa tawi si aibu ya mji mdogo. M-Pesa ilianza Machi 2007, na hadi 2015 seva zake zilikuwa Ujerumani. Yaani mama wa Runyenjes akimtumia mwanawe wa Embu shilingi 200, hesabu ilifanywa Ulaya, kisha simu ya kijana ikalia kilomita ishirini na kitu kutoka kwa mamake. Kenya nzima ilikuwa tawi. Na kabla ya nyaya za SEACOM na TEAMS kufikishwa Mombasa mwaka 2009, intaneti yetu ya kwenda ng'ambo ilipitia setilaiti. Tarehe 12 Mei 2024, Jumapili, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika upande wa Afrika Kusini, watu wa Nairobi walijua siku hiyo jinsi inavyokuwa kuketi mwisho wa waya wa mtu mwingine. Injinia alinipigia kulalamika. Nilimwambia, "Pole, boss. Umejaribu kuzima na kuwasha?" Alicheka, lakini si sana.

Kitu kilichonifunza zaidi kuhusu jinsi tawi linavyoonekana kutoka juu ni kifaa kimoja ambacho hatuna. Katika Windows Server 2008, Microsoft waliingiza aina ya seva kwa ajili ya ofisi za mbali. Inashika nakala ya orodha ya wafanyakazi ili watu waweze kuingia kwenye kompyuta zao, lakini nakala hiyo ni ya kusoma tu: huwezi kubadilisha kitu kutoka tawini. Zaidi ya hayo, kwa kawaida haitunzi pasiwadi za mtu yeyote isipokuwa wale walioruhusiwa. Sababu yake ni kwamba seva ya tawi inaweza kubebwa na mwizi. Ikibebwa, makao makuu wanajua ni pasiwadi za nani zilikuwemo na wanazibadilisha, wengine wanaendelea kulala. Nilipoisoma mara ya kwanza nilihisi nimetukanwa kidogo kwa niaba ya mji wetu. Baadaye nikalitazama kabati letu la jikoni, na kufuli lake la shilingi 150, nikaona waliotengeneza kitu hicho walikuwa wakweli. Hawakusema watu wa tawi ni wezi. Walisema mlango wa tawi ni mwepesi. Hayo ni mambo mawili, na kuna watu wanaoyachanganya.

Oktoba ndio mwezi mgumu kwetu. Wakulima wa chai huku juu, wale wanaopeleka majani Rukuriri, hulipwa bonasi, na wengi hupokea kupitia Sacco. Oktoba pia ndipo mvua za vuli zinaanza kushuka kutoka upande wa Mlima Kenya, na radi, na miti inayoangukia nyaya za stima. Yaani siku ambayo tawi lina watu wengi kuliko siku yoyote ya mwaka ndiyo siku ambayo kila kitu kina uwezekano mkubwa wa kuzima. Anayepanga matengenezo Nairobi hana kalenda hiyo. Ana kalenda ya miezi mitatu mitatu.

Oktoba iliyopita, Alhamisi ya bonasi, stima ilipotea saa tatu asubuhi. Hatukushtuka. Tuna betri mbili na inveta inayoshikilia kabati na kompyuta mbili za kaunta. Foleni ilikuwa imeshuka ngazi mpaka nje. Karibu saa tano, mtandao nao ukakatika. Simu za kampuni ile ile ya laini yetu zikawa hazina hata mstari mmoja, mji mzima. Mnara ulikuwa umeishiwa nguvu.

Sasa, kanuni ya Sacco inasema hivi: mfumo ukiwa chini, tawi linaweza kulipa kwa kitabu, hadi kiwango fulani kidogo kwa kila mwanachama, mwanachama atie sahihi, meneja atie sahihi, na kila kitu kiingizwe mfumo ukirudi. Madam alisubiri saa nzima. Kisha akafungua kitabu. Kulikuwa na shosho mmoja aliyekuwa anangoja pesa za kumtoa mtu hospitali, kulikuwa na waliotoka mbali ambao nauli yao ya kurudi ilikuwa ndani ya hiyo bonasi. Alilipa watu thelathini na wanne. Mimi nilikuwa jikoni nikiangalia betri, nikisikia tu muhuri ukigonga.

Mfumo ulirudi alasiri. Vitabu vililingana hadi shilingi ya mwisho. Wiki mbili baadaye Madam alipata barua ya kujieleza.

Barua ilisema, kwa Kiingereza cha adabu, kwamba tawi lilikuwa nje ya mtandao kwa zaidi ya saa nne, kwamba katika muda huo malipo mengi yalifanywa kwa mkono, na kwamba matawi jirani hayakupotea siku hiyo. Iliuliza kama ruta ilizimwa. Ukiisoma polepole unaona swali lenyewe si la kijinga. Kama kanuni inaruhusu kulipa kwa kitabu mfumo ukizima, basi anayetaka kuiba ataanza kwa kuzima mfumo. Ningekuwa mkaguzi ningeuliza vivyo hivyo. Lakini mkaguzi alikuwa na nukta nyekundu tu, na nukta nyekundu, kama nilivyosema, haina maneno. Madam ana miaka kumi na tisa katika Sacco hiyo. Hakuniambia yuko na wasiwasi. Aliniuliza tu, huku akipanga risiti ambazo zilikuwa zimeshapangwa, "Kijana, hiyo mashini hukumbuka?"

Hukumbuka. Ruta ina kumbukumbu yake, na niliiwekea kijiti cha kuhifadhia tangu mwaka wa kwanza, kwa sababu nilichoka kubishana na simu. Ila kumbukumbu hiyo ina kituko. Ruta yetu ni ya bei nafuu na haina betri ya saa. Ikizimika na kuwashwa, haijui ni siku gani. Huamini ni tarehe 1 Januari 1970 mpaka ipate mtandao na kuuliza saa. Kwa hiyo ukiisoma kuanzia mwanzo unakuta Agosti, Agosti, halafu ghafla mwaka 1970, halafu Agosti tena. Nilipowatumia makao makuu mara ya kwanza, walijibu kwamba haiwezi kutegemewa, tarehe zake zimeharibika.

Nikaketi saiba usiku huo na kuandika kurasa mbili. Ni kazi ya kuandika niliyoifanya kwa uangalifu kuliko makala yoyote ya kulipwa kwa neno. Nilieleza kwamba hizo tarehe za 1970 ndizo ushahidi wenyewe. Kila mahali zilipo, ruta ilizimwa au ilikosa stima. Nikaonyesha mara sita za nyuma, kila moja ikilingana na siku ambayo stima ilipotea na betri zikaisha. Kisha nikaweka ukurasa wa Alhamisi ile. Hakuna 1970. Saa zinakwenda moja kwa moja tangu asubuhi hadi jioni bila kuruka. Saa 10:52 ruta inaandika kwamba imepoteza mnara. Inautafuta kila dakika, kila dakika inaandika kwamba hakuna, mara mia mbili na zaidi. Saa 15:07 inaupata. Mashine iliyozimwa haiandiki kwamba inatafuta.

Niliongeza kitu kimoja. Soja wetu ana daftari lake la mlangoni, ambamo huandika nani ameingia na nini kimetokea. Siku hiyo alikuwa ameandika: "saa 4:50 network imeenda, simu yangu pia." Mkaguzi alikuwa ameliona daftari hilo na kulipita, kwa sababu alisoma saa kumi na dakika hamsini za usiku. Ilibidi nieleze, kwenye ripoti rasmi ya Sacco ya Kenya, kwamba saa nne ya Kiswahili ni saa kumi ya Kizungu. Na kuhusu matawi jirani: yalikuwa chini ya minara mingine.

Injinia ndiye aliyeipeleka ripoti juu, na alitia jina lake chini ya langu. Sikumwomba. Alinipigia akasema, "Boss, hii kitu umeandika poa. Hata mimi sikuwa nimefikiria hiyo ya sabini."

Hakuna barua ya kuomba msamaha iliyokuja. Hakuna barua ya onyo pia. Katika taasisi kubwa, nimejifunza, ukimya ndio huitwa kushinda, na Madam aliupokea hivyo. Alituma keshia akaleta mandazi. Kitu pekee kilichobadilika kilifika Desemba, kwenye kifurushi kilichopakiwa matatu ya Nairobi: ruta mpya, yenye betri ya saa na nafasi mbili za laini, ili moja ikipotea nyingine ishike. Laini zenyewe zilikuwa ndani, tayari zimesajiliwa. Nikaziangalia, nikampigia injinia.

"Boss, laini zote mbili ni za kampuni moja."

"Eeh, procurement walipata bei ya jumla."

"Ni mnara mmoja."

Kimya. Nilisikia kibodi za watu wengine ofisini kwake. "Andika," akasema. "Nitaipeleka."

Niliandika. Jibu bado. Madam alimpa soja shilingi mia, akashuka ngazi hadi kibanda cha ng'ambo ya barabara na kununua laini ya kampuni nyingine, ikasajiliwa kwa kitambulisho cha Madam, na injinia akaikubali kimyakimya kwenye mfumo wake. Tunaichangia bando. Mwezi huu nimelipa mimi, mwezi ujao ni zamu ya keshia.